Nadharia ya Hasara: Uainishaji wa Bandari za Kale za Kaskazini na Viumbe Wanaoshuka Humo

Wenye meli za kitalii huzipanga bandari za kaskazini mwa Ulaya kwa uzuri, kwa bei ya kahawa, au kwa umbali wa choo kilicho karibu na gati. Makala haya yanapendekeza kigezo kingine, ambacho wanazuoni wamekipuuza kwa sababu zao wenyewe: kila bandari ipangwe kwa hasara iliyoipata. Hoja ni fupi. Mji uliofanikiwa hubomoa nyumba zake kuukuu ili ujenge kubwa zaidi. Mji uliofilisika hauna fedha ya kubomolea. Karne zinapita, meli yenye ghorofa kumi na nne inafunga kamba gatini, na watu elfu tatu wanateremka kwenda kupiga picha ufukara wa mababu wa watu wengine, tena kwa kulipia.

Kuhusu mbinu: data zilikusanywa sitahani, magatini na kwenye foleni, na uchambuzi ulifanyika baada ya chakula cha mchana, wakati fikra za mtafiti zinapokuwa nzito. Uwanja mkuu wa utafiti ni Baltiki, bahari yenye kasoro. Maji yake yana chumvi haba, wala hayajai na kupwa kwa kiasi cha kumshughulisha mtu aliyekulia pwani. Mashua uliyoiacha gatini asubuhi utaikuta kwenye kimo kilekile jioni. Jua nalo wakati wa kiangazi halijui kuaga. Helsinki mwezi Juni linatua karibu na saa tano usiku, na Mwislamu anayeingojea Isha kwa kutazama mbingu atangoja mpaka Alfajiri imkute palepale. Ile chumvi haba ikumbukwe, maana tutaihitaji mbele.

Fungu la Kwanza ni la bandari zilizokauka. Humu zimo Visby, Tallinn na Lübeck, ambazo zamani zilikuwa katika Hansa, umoja wa wafanyabiashara ulioongozwa na Lübeck yenyewe. Chumvi ya Lüneburg ilikwenda kuhifadhi heringi wa Skåne; ng'onda wa Bergen na manyoya na nta ya Novgorod vikashuka kusini. Umoja huu ulikutana mara ya mwisho mwaka 1669. Miji michache ilileta wajumbe, wakazungumza, wakaondoka, na hadi leo hakuna aliyetangaza rasmi kwamba Hansa imekufa. Nimewahi kuhudhuria vikao vya namna hiyo, ila ng'onda havikuwa nao.

Visby ndiyo kielelezo safi kuliko vyote. Mwaka 1361 mfalme Valdemar wa Denmark alipoingia kisiwa cha Gotland, wakulima wa kisiwa walipigana naye nje ya ukuta wa mji na kuchinjwa kwa mamia, huku matajiri wa Visby wamefunga malango. Kisha matajiri wakayafungua, kwa adabu, wakamkaribisha mshindi. Mji haukurudia tena ukubwa wake. Mwaka 1525 watu wa Lübeck, washirika wao wa zamani, wakaja kuumalizia kwa moto. Matokeo yake ni ukuta wa kilomita 3.4 ambao umesimama karibu wote, na makanisa yasiyo na paa yanayoota majani ndani. Laiti Visby ingeendelea kutajirika, pale pangekuwa na maghala ya vioo.

Lübeck ilikaribia kuharibu takwimu zangu. Lango lake, Holstentor, lenye minara miwili iliyozama na kuinama kwenye udongo laini, lilipangiwa kubomolewa katika karne ya 19, na mwaka 1863 likaokolewa kwa tofauti ya kura moja. Huyo diwani wa mwisho kuinua mkono anastahili sanamu, lakini sanamu zina gharama, na fedha yote ilikuwa imekwisha kwenye ukarabati.

Tallinn ilikaushwa na Vita Kuu ya Kaskazini pamoja na tauni ya 1710, iliyozoa sehemu kubwa ya wakazi. Kwenye uwanja wa baraza la mji kuna duka la dawa lililotajwa katika maandishi ya mwaka 1422, na bado linauza dawa. Mtafiti alimshuhudia abiria akiingia humo kuomba vidonge vya kichefuchefu cha bahari, siku ambayo bahari ilitulia kama uji uliopoa. Mwuzaji alimpa bila kutabasamu. Miaka mia sita ya kuhudumia mabaharia inafundisha kutocheka mbele ya mteja.

Mtaa wa Pikk, katika mji huohuo, una mlango wa kuchongwa ambao Mswahili hawezi kuupita hivihivi, na si kwa ajili ya nakshi tu. Juu yake kuna kichwa cha mtu mweusi. Ni Mtakatifu Maurice, anayesimuliwa kuwa askari wa Kirumi kutoka Misri, msimamizi wa Udugu wa Vichwa Vyeusi, chama cha wafanyabiashara makapera kilichokuwa na nyumba hapa na nyingine Riga. Yaani vijana wa Kijerumani waliouza heringi kwenye baridi hii walichagua Mwafrika awe nembo yao, wakamweka mlangoni. Abiria wengi hupita bila kumwona kwa kuwa wameelekea kwenye aiskrimu. Udugu huu pia ndio chanzo cha mgogoro mkali kuliko yote ya Baltiki ya leo. Tallinn inadai Vichwa Vyeusi wake walisimamisha mti wa kwanza wa Krismasi uwanjani mwaka 1441. Riga inadai heshima hiyo kwa Vichwa Vyeusi wake mwaka 1510, na imeweka alama ardhini kuthibitisha. Chama kimoja, matawi mawili, na kila tawi linamkana mwenzake kwa ajili ya mti uliokwisha kuwa kuni zamani.

Fungu la Pili ni la ajali, na hapa nadharia inatembea kifua mbele. Tarehe 10 Agosti 1628 manowari Vasa iling'oa nanga Stockholm kwa safari yake ya kwanza, ikiwa na mizinga 64 na nakshi toka tezi hadi omo. Ilikwenda kama mita 1,300. Upepo mwepesi ukailaza ubavu, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya mji mzima uliokuja kuiaga. Hakuna aliyeweza kusema hakuonywa. Kabla ya hapo mabaharia thelathini walikimbizwa sitahani kutoka ubavu huu hadi ule ili kupima utulivu wa chombo. Baada ya mizunguko mitatu tu amiri Klas Fleming akasimamisha jaribio, maana ilikuwa karibu wapinduke palepale gatini. Nahodha yeyote wa jahazi angeuliza habari ya farumi. Farumi ilikuwepo, ila haikutosha, na kuongeza zaidi kungeshusha madirisha ya chini mpaka yaguse maji. Mfalme wa Sweden alikuwa ng'ambo akipigana na Wapolandi, anaitaka meli yake haraka. Ikaondoka. Uchunguzi ulifanywa baadaye na hakuna aliyeadhibiwa, kwa vile fundi mkuu alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, jambo lililowafaa wote waliobaki hai.

Sasa ile chumvi. Funza wa baharini, yule anayewafanya wenye majahazi wetu wapake shahamu na kuchoma moto matumbo ya vyombo vyao, hastahimili maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Kwa hiyo Vasa ilikaa chini miaka 333 bila kuliwa. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, ikanyunyiziwa dawa ya kukaza mbao kwa miaka 17, na tangu 1990 ina jumba lake. Ndani ni giza na baridi. Watu wanaingia wakipiga kelele, wanatembea hatua kumi, wanashusha sauti wenyewe. Meli yote imesimama mbele yako, nyeusi, ndefu kupita jicho, na kwenye kila kifuniko cha dirisha la mzinga kuna simba ameachama. Hao simba walitakiwa kuwatisha Wapolandi. Meli za mfalme huyo zilizokwenda vitani na kufanya kazi yake vizuri hazina jumba.

Bergen inawekwa fungu hili kwa sababu ya moto. Wajerumani wa Hansa waliokaa pale Bryggen walikatazwa kuoa, na ndani ya nyumba zao za mbao hawakuruhusiwa kuwasha moto hata katika baridi ya Norway, isipokuwa kwenye majumba maalumu ya kukutania. Tahadhari yote hiyo haikuzuia mji kuungua. Mwaka 1702 Bryggen iliteketea ikajengwa upya kwa ramani ileile ya kale, na mwaka 1955 sehemu yake ikaungua tena. Safari hii waakiolojia waliingia kwenye majivu wakachimba, wakatoa mamia ya vijiti vilivyochongwa maandishi ya kiruni: hesabu za mizigo, dua, matusi, mapenzi. Kimoja kinamwambia mtu kwamba Gyda anasema arudi nyumbani. Wengi wanaamini mtu huyo alikuwa kilabuni. Upande wa pili wa kijiti kuna alama ambazo wataalamu wameshindwa kuzisoma. Wenye ndoa wanazisoma bila tabu. Kwa kijiti hicho peke yake Bergen inastahili siku nzima, hata kwa mvua yake, ambayo ni karibu kila siku.

Fungu la Tatu, bandari zilizoharibiwa kabisa na kurudishwa, ndilo linalowatesa wanazuoni. Gdańsk ilikuwa kifusi mwaka 1945. Hizo nyumba nyembamba zenye mapambo zinazopigwa picha leo, nyingi zimejengwa baada ya vita. Hivyo mtu anayesema amegusa ukuta wa karne ya 17 huenda amegusa ukuta wa rika la baba yake. Nyumba ya Vichwa Vyeusi ya Riga ilipigwa mabomu 1941, mabaki yake yakaondolewa 1948, na iliyopo ilijengwa kati ya 1995 na 1999. Je, ni ya kale? Msimamo wa makala haya ni kwamba ni ya kale kwa makubaliano, na makubaliano hayo ni kazi ngumu kuliko kurithi. Lübeck ilichagua njia nyingine: kengele za kanisa la Mtakatifu Maria zilizoanguka usiku wa mabomu ya Machi 1942 zimeachwa palepale sakafuni, zimepasuka. Hazihitaji mwongozaji.

Kuna pia bandari zisizokuwepo. Ratiba inasema "Berlin", unashuka Warnemünde, na Berlin iko mbali kwa karibu saa tatu za treni. St. Petersburg, iliyokuwa kilele cha safari hizi, imefutwa kwenye ratiba tangu 2022. Wazee wa meli wanaisimulia mezani kama watu wanavyomsimulia jirani aliyehama.

Copenhagen ilileta tabu. Ni tajiri, haijafilisika, na kwa hiyo, kama nadharia inavyotabiri, kitu ambacho abiria wanapelekwa kukiona ni kidogo: nguva wa shaba wa mwaka 1913, kimo mita 1.25, aliyetolewa na tajiri wa bia. Mabasi yanasimama, watu wanashuka, wanauliza yuko wapi. Lakini hata yeye umaarufu wake ulikolea alipokatwa kichwa mwaka 1964.

Imebaki kuainisha viumbe wanaoshuka. Wanatambulika kwa mlio: kila mmoja anapita mlangoni na kadi, mashine inalia, sura yake inatokea kwenye kioo, naye anahesabika kuwa yuko nje. Jamii kubwa ni Mfuata-kibao, mwenye namba ya karatasi kifuani, anayemfuata mwongozaji aliyeinua kibao chenye namba hiyohiyo. Mji haumwoni uso wala yeye hauoni mji; anaona kibao. Si wa kudharauliwa, kwani akichelewa pamoja na kibao chake meli humngoja.

Jamii ya pili, Mla-rudi, ndiyo inayonivutia kielimu. Huyu anashuka asubuhi, anatembea kwa nguvu, na ikifika saa sita na nusu anarudi melini kula, kwa kuwa chakula ameshakilipia. Kisha anashuka tena. Usimcheke. Amepiga hesabu ya bei ya sahani ya samaki Bergen akailinganisha na ya bure, na hoja yake haina ufa. Wenye mikahawa ya bandarini wanamjua vizuri, na malalamiko dhidi yake ni sehemu ya mjadala uliofanya Bergen iweke kikomo cha meli na abiria kwa siku.

Ya tatu ni adimu: Mchelewaji. Alishuka peke yake, bila kibao, akapotea kwenye vichochoro vya Tallinn, akasimama mlangoni kwa Mtakatifu Maurice muda mrefu kuliko wenzake, na alipofika gatini meli ilikuwa imeshaachia kamba. Kwa desturi pasipoti yake huachwa kwa wakala wa bandari. Wenzake wamepata saa nane mjini. Yeye amepata usiku mzima, na kama viza yake ya Schengen haijaisha, anayo pia feri ya asubuhi ya Helsinki, mwendo wa saa mbili, akiwa amebanwa kati ya Wafini wanaorudi nyumbani na makasha ya bia.