Waacheni Waheshimiwa

Tangu mwaka 2005, shirika la Mzalendo hapa Kenya lina utundu mmoja: kuhesabu nani kasema nini bungeni. Kisha hutangaza kwamba mheshimiwa fulani kamaliza mwaka bila kutamka neno. Kwani kunyamaza si hekima? Mwalimu na asaini daftari la mahudhurio, mahabusu na ahesabiwe asubuhi na jioni; lakini mtunga sheria naye?

Katiba yenyewe ina huruma. Ibara ya 103 humnyang'anya kiti akikosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika. Saba vya mwanzo ni vya kupumzisha akili. Kura nazo kwa kawaida hupigwa kwa sauti: wa "ndiyo" wanaguta, wa "la" wanaguta, Spika anatega sikio. Utaratibu wa kistaarabu, maana mwangwi haumtaji mtu jina.

Na marupurupu ya usafiri? Barabara za jimboni zimejaa mashimo. Nani mwingine angekubali kulipwa kuyapita?

Ombi langu ni dogo: Hansard, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ianze kunakili miayo. Hapo hakuna atakayesingiziwa kwamba hakuchangia mjadala.