Sifa za Kiki

Waungwana wamezoea kuyasifu yaliyokwisha sifiwa, kama vile subira, elimu na maji ya madafu. Mimi leo, kwa idhini ya wenye baraza, napenda kumsifu yatima mmoja wa lugha yetu ambaye hapana msomi aliyemkaribisha kwake, naye ni kiki, yaani ule umaarufu wa kutafutwa kwa makusudi, ambao kishindo chake huwa kikubwa kuliko jambo lenyewe.

Fadhila yake ya kwanza ni kupunguza maneno. Zamani, mtu aliyetaka kumfahamisha jirani yake ya kwamba yule mwimbaji hakuachwa na mkewe ila ana wimbo utakaotoka Ijumaa, alihitaji kikao kizima na kahawa juu yake. Siku hizi husema tu, “Atafuta kiki huyo,” akaendelea kumenya muhogo wake. Na mheshimiwa ajaye Kilifi kwa helikopta kufungua bomba moja la maji hana haja ya kujadiliwa: neno limekwisha mmaliza kabla vumbi halijatua.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni uzushi wa vijana. Tarikhi za Wachina zasimulia kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme Yongle na twiga, naye akadhaniwa kuwa ndiye qilin, mnyama wa baraka ambaye kwa itikadi yao hatokei ila katika zama za mfalme mwadilifu, hata mfalme akatoka mwenyewe hadi langoni kumpokea. Hebu tafakari, ewe msomaji: mnyama ambaye hata sauti yake hatuijui, asiyepiga mbiu wala zumari, kwa shingo tu aliifanya bandari yetu itajwe katika kasri la mfalme! (Sultani wa Bengal alikuwa amekwisha peleka wake mwaka 1414, lakini kiki nzuri hairudiwi mara moja tu.)

Naye Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498, jina lake limebaki katika nguzo ile yenye msalaba iliyosimama rasini, ambayo wageni hata leo huiegemea wakapigwa picha. Njia ya kwenda India alionyeshwa na rubani aliyempata papa hapa Malindi. Rubani hana nguzo.

Juzi asubuhi nilikuwa nimeketi kwa mama mmoja auzaye mahamri karibu na soko la Malindi, tuktuk yenye spika mbili juu ya paa ikazunguka mara ya tatu ikitangaza tamasha ambalo, kwa kelele zile, ungedhani laanza saa hiyo hiyo. Mama hakuinua macho yake kutoka katika karai.

“Kiki hiyo, mwanangu,” akasema. “Tamasha lenyewe ni mwezi ujao.”

Nikamsifu kwa basira yake. Hapo wakapita watu wawili waliovaa nguo za kazini, na yeye, bila ya haya, akapaza sauti iliyoishinda tuktuk: “Mahamri ya moto! Yatoka motoni sasa hivi!” Yangu, niliyoyanunua punde, yalikuwa baridi kama mawe ya kisimani, nikayachovya katika mbaazi, nikanyamaza, nikala yote manne.