Barua ya wazi kwa Mzee Hayao Miyazaki: Pima elfu

Kwa Mheshimiwa Mzee Hayao Miyazaki,
Studio Ghibli, Tokyo, Japani.

Shikamoo, mzee wangu.

Kwa heshima na taadhima, naomba uniwie radhi kwa kukukatiza kazi. Najua nambishia hodi mtu ambaye filamu yake ya katuni ya mwaka 2001, Spirited Away, ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka uliofuata. Mimi sina cheo cha kunipitisha mlangoni pako. Nimeletwa na jina moja tu.

Filamu hiyo uliitengeneza ukiwafikiria mabinti wa rafiki zako, wasichana wa miaka 10. Binti yangu ametimiza 10 mwaka huu. Tumeitazama pamoja, mimi nikimtafsiria sikioni. Tukafika pale Yubaba, mwenye hamamu ya mizimu, anapompa kazi msichana wa filamu hiyo, Chihiro, kisha analinyakua jina lake kutoka kwenye karatasi ya mkataba, akamwachia alama moja inayosomwa Sen. Binti yangu akauliza, "Mama, kamwachia nini?"

Kwa idhini yako, mzee, niliisimamisha filamu nimjibu vizuri. Chihiro, kwa jinsi linavyoandikwa kwa Kijapani, ni pima elfu. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Kina cha maji alikihesabu kwa pima, mikono kaitandaza, kamba ikipita kifuani. Nikamwambia binti: alikuwa pima elfu, kaachiwa elfu. Kina kimechukuliwa, imebaki hesabu.

Niliposema hivyo nilijisikia mwenyewe. Nilipelekwa bweni nikiwa na miaka 13. Nikaandikwa namba kwenye ndoo, kwenye godoro, na baadaye namba hiyo ikawa midomoni mwa kila aliyeniita. Likizo ya kwanza mama aliniita kwa jina langu kutoka uani, nikachelewa kuitika. Akadhani nimeanza kiburi. Sikumweleza.

Chihiro alibahatika kuwa na kijana Haku wa kumwonya asilisahau jina lake, na kadi ya kuagwa na wenzake iliyokuwa imeandikwa jina hilo. Kwa kadi ile akajikumbuka. Kisha akasugua sakafu, akaivuta baiskeli iliyokwama mwilini mwa mzimu wa mto, akawatetea wazazi wake waliogeuzwa nguruwe. Hakuna aliyemfanya mkubwa. Alikua kwa kazi ya mikono yake.

Lakini kilichoniliza, mzee wangu, ni mwisho. Wazazi wanarudi kwenye handaki waliloingilia bila kukumbuka lolote, na mama anamkanya asimng'ang'anie, kama alivyomkanya wakati wa kuingia. Hajui kwamba anayemshika mkono ndiye aliyemkomboa. Miaka yote nilidhani mama yangu hakutaka kujua. Kumbe mtoto hukulia mahali ambapo jicho la mzazi halifiki, na asipousimulia yeye mwenyewe, ukuaji wake hauna shahidi. Usiku uleule nilimpigia simu mama nikamsimulia habari ya ndoo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniita jina langu, la baba yangu na la babu yangu, moja baada ya jingine. Safari hii niliitika upesi.

Ndipo nathubutu, kwa unyenyekevu mkubwa, kuwaomba wewe na wenzako wa studio: mtukubalie filamu hii itiwe sauti za Kiswahili. Mama yangu hawezi kufuata maandishi yanayopita chini ya kioo, nami sitakuwepo sikioni mwa kila bibi. Na ikiwapendeza, watafsiri watakapofika kwenye jina wasilipite haraka. Pwani nzima inajua pima ni nini.

Nakutakia afya njema na mkono usiochoka. Ukiona nimevuka mpaka, nisamehe kama mzee anavyomsamehe mtoto aliyekuja mbio na habari.

Wako mtiifu,
Binti wa mvuvi, Pangani.