Mgonjwa wa Nyumbani Kwangu

Mwaka jana, katika kipupwe, pepo za kusi zilipokuwa zikivuma hapa Tanga nami nimeshikwa na mafua yaliyonifanya nizungumze kama mtu aliyetiwa mtungini, niliruzukiwa mtoto wa paka mwenye umri wa majuma 8 na uzito usiopita ratili 2, nikamwita Sultani, kwa sababu aliingia bila ya kupiga hodi na akakitamalaki kiti changu. Siku ya kwanza alikula dagaa kiganjani mwangu. Siku ya pili, nilipotafakari kwamba si adabu kumlisha Sultani kwa mkono, niliokota kisahani cha bati kilichokuwa kimekaa bure jikoni, nikakisuuza, nikamwandalia. Alisogea, akanusa, akanitazama kama kadhi amtazamavyo shahidi wa uongo, akaenda zake.

Nilidhani amekinai dagaa, nikampikia changu. Alipomsusa changu, nikamtilia maziwa ya ng'ombe yenye sukari vijiko 2. Alipoyapa maziwa mgongo, nikamkaangia maini ya mbuzi kwa samli, karamu ambayo mimi mwenyewe siioni ila siku ya Idi. Na kwa kuwa israfu ni haramu, kila alichokikataa nilikila mimi, papo hapo katika kisahani chake, nisione kasoro yoyote ila kukosa ladha. Lakini siku zile hata pilipili haikuwa na ladha kinywani mwangu.

Asubuhi yake nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, akamtazama kinywa, macho na pua, akampima joto, asione maradhi. Alinionya kuwa mtoto wa paka hana akiba mwilini ya kuvumilia njaa ya siku nzima. Kwamba maziwa ya ng'ombe aghalabu humwendesha tumbo. Na kwamba sukari yangu ilipotea bure, kwani ulimi wa paka hauutambui utamu. "Paka hula kwa pua kwanza," alisema. "Kipashe moto chakula chake kidogo, harufu ipande, hamu itamrudia."

Nilirudi kwa furaha, nikatia maini katika kisahani, nikakiweka juu ya jiko. Harufu ilipanda kweli, maana Sultani aliruka juu ya kabati, na bibi mmoja jirani yangu akaja mbio hata akasahau kupiga hodi.

"Mwanangu, zima jiko! Nyumba yote yanuka mafuta ya taa!"

"Shikamoo, bibi. Mimi sisikii harufu."

"Utasikiaje na pua hiyo?" Akakiepua kisahani kwa ncha ya kanga, akakinusa, akafumba macho. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba, tangu jiko langu lianze kuvuja, kisahani kile ndicho nilichokuwa nikikingia matone.

"Na chakula alichokisusa paka, ulikitupa wapi?"

Nilinyamaza. Bibi alinitazama tumboni kwa muda, kisha akakichukua kibiriti kilichokuwa karibu yangu, akakifunga katika pindo la kanga yake.

Sultani aliwekewa dagaa juu ya kipande cha jani la mgomba, akala hata akalilamba jani. Ama ada ya daktari niliilipa yote, na haki yake ni halali. Kosa ni langu mimi, niliyemchukua mzima nikamwacha mgonjwa nyumbani.