Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Leicester, Uingereza

Dada, mwambie Mama hela ya paa la jiko inakuja, asisikilize maneno ya mwanao.

Najua keshasema. Nilimdokeza kwenye simu, kwa siri kabisa, kwamba natamani kununua Nintendo Switch 2. Kumpa siri mtoto wa miaka kumi na miwili ni sawa na kuipeleka msikitini Ijumaa ikatangazwe. Chai yangu haijapoa, Mama yuko hewani: "Nasikia unanunua kidude. Shilingi ngapi?"

Basi nijieleze. Switch ni mashine ya gemu ya kushika mkononi. Ukifika nyumbani unaiunganisha na televisheni. Ya kwanza ilitoka Machi 2017. Yangu ni toleo la 2019, niliipata kwa mtu, mtumba, mwaka wangu wa kwanza wa kubeba boksi. Ghala letu liko nje ya mji. Natoka zamu saa kumi na mbili alfajiri, na basi linachukua dakika hamsini. Wenzangu wanakoroma, mimi niko na Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu, tunashindana magari. Hizo dakika hamsini, dada, ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakuna anayeniagiza kitu. Kitufe kimoja kinanata, lakini kosa ni langu: nilikuwa nacheza huku nakula sambusa.

Mpya ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Ilianza kuuzwa huku kwa pauni 395.99. Ile peni moja wanakuachia ili ujione mjanja.

Sasa wewe unaujua ugonjwa wetu sisi tulio huku: hatuoni bei mpaka tuigeuze shilingi. Nikaigeuza. Ikaja milioni na malaki juu. Nikaona mabati. Nikaona saruji. Halafu nikaona ng'ombe wa maziwa, amesimama kabisa katikati ya duka, ananitazama.

Na ng'ombe kweli yumo! Katika gemu mpya ya mashine hiyo, Mario Kart World, yanashindana magari 24 badala ya 12 ya zamani, na mmoja wa madereva ni ng'ombe. Nikafanya kosa la kumsimulia Mama.

"Ng'ombe anaendesha gari?"

"Ndiyo, Mama."

Akanyamaza muda. "Na maziwa?"

Mtu aliyekulia Tanga, mji wa maziwa, utamjibu nini hapo? Isitoshe huyo ng'ombe hakai bure. Gemu yenyewe ilitoka kwa pauni 66.99 ukiipakua kwa intaneti, au 74.99 ukiitaka ndani ya boksi. Maboksi nimeshabeba ya kutosha.

Nisiwe mchoyo wa sifa, mashine ni nzuri. Kioo kimetoka inchi 6.2 hadi 7.9, na nafasi ya kuhifadhi imepanda kutoka GB 32 hadi 256. Lakini tazama betri. Yangu hii ya 2019 inakaa saa nne na nusu hadi tisa. Mpya inakaa saa mbili hadi sita na nusu. Mwili umeongezeka, pumzi imepungua. Ndivyo nilivyo mimi tangu nije huku, sasa tuwe wawili ndani ya basi moja?

Nikasema basi, niiuze ya zamani nipunguze machungu. Duka la mitumba likanitajia bei nikaona aibu kwa niaba ya mashine. Nikairudisha mfukoni taratibu, isisikie.

Hapo ndipo mwanao alipogeuka wakili. "Mjomba, ukinunua mpya, hiyo ya zamani itakuwa na kazi gani?" Mtoto huyu apelekwe sheria. Nami nilikaribia kushindwa kesi, mpaka nikakumbuka kadi za gemu. Ile mpya inasoma kadi nyingi za zamani, na kadi moja haiwezi kukaa Leicester na Ngamiani huko Tanga kwa wakati mmoja. Nikimtumia mashine na kadi zake, mimi naanza kununua upya, pauni baada ya pauni, na ng'ombe juu.

Kwa hiyo sinunui. Sijasema kamwe, nimesema si mwaka huu. Mwambie mpwa wangu hii ya zamani nakuja nayo likizo ya Desemba, na kitufe chake kinachonata. Chaja haitahitaji adapta, plagi za huku ni zile zile za miguu mitatu. Akinuna, mpe simu nizungumze naye.

Hela nimetuma asubuhi hii. Fundi akuletee bati za geji 28, akija na 32 mrudishe nazo. Risiti ipige picha unitumie.