Marudio ya Unga

Siku ya tano chachu yangu ilipanda ukingo wa beseni, ikashuka upande wa pili, ikaanza kutambaa kuelekea kwenye gunia la mkaa. Mama Kulwa alisimama mlangoni mwa jiko akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Kisha akauliza swali moja tu: "Baba Kulwa, hiki kitu kinakula kilo ngapi kwa siku?"

Sikumjibu, na si kwamba jibu sikuwa nalo. Mimi ni mwalimu wa hesabu.

Mambo yalianza na video kwenye simu. Jamaa mmoja wa nchi ya baridi, mwenye jiko jeupe kama zahanati, alikuwa anaoka mkate bila hamira ya dukani. Unga na maji tu, basi. Unavikoroga, unaviacha, na vijidudu waliokuwa wamelala ndani ya unga wenyewe wanaamka: hamira ya porini inatoa hewa ya kuumua donge, na bakteria walio ndugu wa wale wanaogandisha maziwa wanatia ule uchachu. Nikasema hili ndilo la kwangu. Bei ya hamira si tatizo, lakini mwalimu hakosi kupenda kitu ambacho akiulizwa atapata nafasi ya kueleza.

Tatizo lilikuwa sharti la pili. Kila siku, alisema jamaa, utupe sehemu kubwa ya chachu, ubakize gramu 50, halafu uilishe unga gramu 50 na maji gramu 50. Akatupa mbele ya macho yetu, kwenye pipa la taka, huku anatabasamu.

Kutupa unga! Mimi nimekulia Ngokolo, hapa hapa Shinyanga mjini, katika nyumba ambayo hata ukoko wa ugali ulikuwa na mwenyewe. Nikaamua nitafuata yote isipokuwa hilo. Kila siku nitailisha chachu yote, uzito wake wa unga na uzito wake wa maji, bila kumwaga hata tone. Siku ya kwanza nilikuwa na gramu 100. Siku ya pili, 300. Siku ya tatu, 900, nikahama kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye sufuria. Siku ya nne, 2,700. Siku ya tano, 8,100, na ndani yake kilo nne na ushee za unga wa ngano ambazo Mama Kulwa alizinunua kwa ajili ya chapati za sikukuu. Kuzidisha kwa 3 nimewafundisha watoto wa watu miaka kumi na moja. Ubaoni kunaonekana kupole sana.

Na hili joto letu nalo. Yule jamaa alisema chachu itapanda kwa saa nane hadi kumi na mbili. Shinyanga, mwezi wa Oktoba, ilipanda kwa saa tatu, ikashuka, ikawa inatoa povu na harufu kali iliyovuka ukuta. Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Alibisha hodi kwa sauti ya kikazi, akakaa, akaulizia habari za shule, za watoto, za mvua, huku pua yake inafanya uchunguzi peke yake.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "watu wanasema hapa kuna mtambo."

Nikampeleka jikoni. Akainama juu ya beseni, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Ya mtama hii?"

"Ya ngano, balozi. Na si pombe. Ni ya mkate."

"Ya ngano!" Alisimama wima. Nadhani kosa la kupika gongo angelisamehe haraka kuliko lile la kuchachusha kilo nne za ngano kabla ya mwisho wa mwezi. Aliondoka na kikombe kimoja, kwa uchunguzi zaidi.

Chachu iliyobaki tulichomea chapati za maji, na hapa niseme ukweli: zilikuwa tamu. Yai, chumvi, kitunguu, mafuta kidogo, na ule uchachu unakaa nyuma ya ulimi kama ndimu. Tulizila asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu mwanangu Doto, ambaye hajawahi kukataa chakula tangu azaliwe, aliuliza kama kuna uji.

Likizo ilipofika nikaona njia ya kutokea: dada yangu ameolewa Geita, na mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu. Nikajaza chachu kwenye kopo la Blue Band, nikabana mfuniko hasa, nikapanda basi. Ilikuwa kabla ya Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa. Leo basi linavuka zile kilometa 3 kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Sisi tulikaa kwenye foleni ya kivuko, jua la saa saba, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na kopo liko mapajani mwangu. Nilihisi mfuniko unavimba chini ya kiganja. Nikaukandamiza. Sijui kwa nini nilidhani nitashinda.

Likasema paa! Mfuniko ulikwenda kwenye paa la basi, na chachu ikamwangukia mzee aliyekaa mbele yangu, kwenye pama lake jipya. Basi zima likanyamaza. Mzee alivua pama polepole, akalinusa, akageuka.

"Kijana, hii imeshaiva. Ulikuwa unaipeleka wapi ikiwa imefungwa?"

Nyuma mmoja akasema ni matope ya kuchenjulia dhahabu, mwingine akasema hapana, huo ni ugonjwa wa maziwa. Nilimfuta mzee kwa leso yangu, nikamwomba radhi kwa Kiswahili na Kisukuma, na nikafika Geita na robo ya kopo.

Shemeji yangu ananunua marudio. Kwa asiyejua: jiwe linatoka kwenye duara, linasagwa kwenye karasha, mchanga wake unaoshwa na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki ndio marudio. Zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma, kwa hiyo lundo lile haliachwi. Linauzwa, linaingizwa kwenye matangi yenye sayanaidi, na mtu wa pili anavuna alichokosa wa kwanza. Zipo nyumba za ghorofa Geita zilizojengwa kwa mchanga ambao mtu mwingine alidhani amemaliza nao.

Nikamweleza habari ya yule jamaa na pipa lake la taka. Alinisikiliza kwa heshima yote anayostahili shemeji mwalimu.

"Kwa hiyo anamwaga marudio," alisema.

"Anamwaga."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alitikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. "Na wewe hukumwaga, ukaendelea kununua mawe mapya kila siku na kuyachanganya humo humo. Shemeji, nyote wawili mtafilisika, ila wewe utatangulia."

Mama yetu naye alikuwepo, amekuja kumsalimu dada, anaanika udaga uani. Mayu, kama tunavyomwita, ni mtu wa Sengerema. Muhogo anaumenya, anaurundika, anaufunika mpaka uote ukungu, anaukwangua, anauanika. Ule mrundiko ndio unaopunguza sumu ya muhogo, na sumu yenyewe ni sayanaidi, ile ile ya kwenye matangi ya mkwewe. Familia moja, mmoja anahangaika kuitoa na mwingine anainunua kwa mapipa. Nililisema hilo mezani kwa furaha kubwa. Hakuna aliyecheka. Mayu aliomba chumvi.

Lakini ndiye aliyenipa dawa. Alifungua kopo langu, akatazama kile kidogo kilichogandia ukutani, akauliza, "Unataka kuoka mara ngapi?"

"Jumamosi, Mayu."

"Sasa ng'ombe unayemkamua Jumamosi tu, kila siku unamlishia nini?"

Akaleta kibuyu chake cha maziwa. Tangu niko mdogo sijawahi kukiona kikioshwa mpaka kikatakata. Maziwa ya mgando yanamiminwa, yale machache yanayobaki yamegandia ndani ndiyo yanayogandisha ya kesho. Hana gramu za kutupa wala za kutunza. Ana kibuyu.

Basi nikafanya hivyo. Ijumaa jioni nikatia kwenye kopo lenye makwanguo unga na maji ya kutosha mkate mmoja tu. Asubuhi chachu imejaa, nikaichukua yote nikabakiza kama kijiko ukutani. Kile kijiko ukikikandia unga mwingi kikawa donge gumu, kinachacha polepole, na kama huna friji unakiweka, kopo na yote, kwenye mtungi wa maji kielee. Friji ikiwepo, vizuri zaidi. Humo wiki nzima hakikuombi kitu.

Mkate wa kwanza niliuoka pale Geita, sufuria nzito, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Niliuharakisha. Shemeji aliugonga kwa kisu mara mbili, akausikiliza. "Huu," alisema, "karasha ikiwa nzima unatoa gramu mbili."

Kumtuliza nikamsimulia kuhusu wachimbaji wenzake. Dhahabu ilipovuta watu California mwaka 1849, mkate mchachu ndio uliokuwa mkate wa San Francisco, na mpaka leo mji ule unajivunia. Klondike, kule kaskazini kwenye barafu, ambako dhahabu iligunduliwa 1896, mchimbaji mzoefu alipewa jina la mkate huo huo, na husimuliwa kwamba walilala na chachu kifuani isigande kwa baridi. Shemeji aliacha kutafuna, ingawa labda ni kwa sababu ya meno.

"Wachimbaji kabisa?"

"Wachimbaji kabisa."

Akakata kipande cha pili mwenyewe. Sasa kila nikimpigia ananiuliza hali ya "duara", na anamaanisha kopo.

Mkate umetengemaa. Unapanda, una matundu, Doto anaula. Kilichobaki ni tahadhari ya Mama Kulwa, ambaye tulipotaka kusafiri mwezi uliopita alisema hamwachii jirani kopo lolote linalovuma. Akapaka chachu nyembamba juu ya nailoni, akaianika juani ikakauka, akaivunja vipande. Ikikauka hivyo inalala miezi. Ukiitia maji na unga inaamka. Aliiweka kwenye ungo, kando ya ungo wa michembe ya viazi vitamu.

Jioni ile balozi alipita kutuaga. Alisimama uani akizungumza habari za mvua, mkono wake unachota kwenye ungo, anatafuna, anachota tena. Nilitaka kusema kitu, lakini alikuwa ameshafika katikati ya sentensi na katikati ya chachu yangu ya mwaka mzima.

"Mwalimu," alisema, akitafuna kwa kufikiri, "michembe yenu safari hii imechacha kidogo. Nifungie ya kupeleka nyumbani."