Wanaume Tushuke Tusukume

Ipogolo ni eneo la bondeni, chini ya mji wa Iringa, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hupita zake bila kujisumbua kupanda mlima kwenda mjini. Hapo huanzia pia barabara ya Kilolo, yenye takriban kilomita 34, iliyoingizwa katika mradi wa RISE wa mkopo wa Benki ya Dunia ili iwekwe lami. Lami ni habari njema, ila haina masimulizi. Masimulizi huanza gari linapochepuka kuingia njia za vijijini, kwenye viazi, mbao na udongo mwekundu.

Udongo huo kiangazi ni vumbi linalowafanya abiria wote wafanane kama watoto wa mama mmoja. Mvua zikianza, kuelekea Desemba, ni sabuni. Mteremko ukinyeshewa usiku kucha, asubuhi gari halishuki, linajishukia.

Kukwama kuna utaratibu wake. Kwanza dereva hukana. "Linatoka hili," husema, huku tairi zikizunguka palepale na kujichimbia kaburi. Konda hushuka, huinama, hutazama chini ya gari kwa muda mrefu kana kwamba kuna kilichobadilika, kisha hutangaza: "Wanaume tushuke tusukume." Papo hapo aliyekaa kiti cha mbele hupata simu ya muhimu. Mahali pa kusimama nyuma ya tairi huachiwa mgeni, na wenyeji humwachia kwa heshima zote. Gari likichomoka, mgeni hubaki amepakwa tope kuanzia paji la uso hadi soksi. Vijana wenye majembe nao hutokea, mara nyingine kabla gari halijakwama, jambo ambalo wahandisi hawajalieleza. Na kwa kuwa ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa msimu huohuo wa mvua, wasukumaji wenye moyo hawakosekani, ingawa si lazima wote wasukume upande mmoja.

Anayelaumiwa ni lori la mbao, lakini muuaji mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Barabara hiyo huhitaji mgongo katikati, mitaro pembeni na kalavati zisizoziba. Mtaro ukijaa mchanga na majani, maji hayarudi yalikotoka. Hupanda barabarani, na barabara ndiyo inakuwa mtaro. Kuzibua ni kazi ya jembe na koleo, tena ya bei nafuu kuliko zote, na pengine ndiyo sababu husahaulika: hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kukata utepe wa mtaro uliozibuliwa. Greda likipita bila kushindilia wala kurudisha mitaro, huacha barabara ya kuvutia inayodumu hadi mvua ya kwanza.

Fedha nazo ni nyembamba. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 140,000 za barabara za wilaya, mara kadhaa ya zile za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Hata hivyo, kwa miaka mingi fungu la Mfuko wa Barabara liligawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa za wilaya. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA.

Tozo hiyo hukatwa kwa lita, si kwa kilomita. Hivyo gari aina ya Noah lililozungusha tairi topeni kwa saa mbili limechangia matengenezo ya barabara kwa saa mbili bila kusogea hatua. Mafuta yakikata, konda hutumwa Ipogolo kwa bodaboda akiwa na dumu la lita tano. Hurudi jioni, dumu mapajani, shilingi 500 za nyongeza hiyo ya barabara zikiwa ndani yake, na bodaboda hukwama mita chache kabla ya kulifikia gari.